Sheria Inamlinda Nyumbu, Nani Atailinda Njia Yake?

*Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni*



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mjini huliona kuwa ni la watalii au la watu wa mbali, nalo ni sheria za kuwalinda wanyamapori. Najua kuna atakayesema, "Huyu naye! Bei ya unga haishikiki, nauli ya matatu inapanda kila mvua ikinyesha, naye anatuletea habari za nyumbu." Nakuomba, ndugu yangu, usizime redio. Jambo hili ni lako pia, hasa ikiwa umenunua ploti Kitengela au Rongai, au ikiwa unakusudia kununua.

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba nje kidogo ya mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mtoto huyo hakuwa amekwenda porini kutafuta hatari. Alikuwa katika makazi ya watu. Kabla ya hapo, mwezi wa Juni mwaka 2012, simba 6 waliuawa na wafugaji wenye hasira huko Kitengela baada ya kuvamia zizi la mbuzi. Mwezi wa Machi mwaka 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya. Watu walimzunguka, akamjeruhi mtu mmoja, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa.

Kila tukio la namna hii likitokea, sisi huuliza maswali mawili: nani alaumiwe, na nani alipwe? Swali la tatu hatuliulizi kamwe: sheria ilikuwa wapi kabla ya siku ile? Leo nataka tuliulize.

Tuanze na historia kidogo, maana asiyejua alikotoka hajui aendako. Jina lenyewe la Nairobi ni la Kimaasai, likitajia maji baridi. Mahali hapa palikuwa pa malisho na pa kunyweshea mifugo. Reli ilipofika mwaka 1899 ukaanza mji, na wanyama waliendelea kupita karibu na nyumba za watu. Haukupita muda mrefu kabla ya ugomvi kuanza. Katika miaka ya 1930 alikuwako mtu mmoja, Mervyn Cowie, aliyetaka eneo la kusini mwa mji litengwe kisheria kwa ajili ya wanyama. Serikali ya kikoloni ilimsikiliza kwa sikio moja. Basi akatumia hila. Aliandika barua gazetini kwa jina la kujificha, akijifanya mlowezi wa siku nyingi, akapendekeza wanyama wote wapigwe risasi wamalizwe. Wasomaji walikasirika, na kelele zilizotokea ndizo zilizomsaidia kupata alichokitaka. Mwezi wa Desemba mwaka 1946 mbuga ikafunguliwa. Ilikuwa ya kwanza nchini Kenya, yenye eneo la kilomita za mraba 117.

Hata hivyo, sheria hiyo ilikuwa na mambo mawili ambayo mpaka leo tunayalipia. La kwanza ni kwamba Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe pale walitakiwa waondoke, na hakuna aliyewaendea kuwauliza kwa heshima. La pili ni kwamba mpaka ulichorwa kwa macho ya mwanadamu, si kwa miguu ya mnyama. Upande wa kaskazini, mashariki na magharibi mbuga ina ua. Upande wa kusini mpaka ni mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto hakuna ua. Waliochora ramani waliuacha wazi kwa sababu kule kulikuwa na nyika tupu za Athi na Kaputiei, na wanyama walikuwa wakienda na kurudi.

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Mbuga ya Nairobi peke yake si nyumba kamili ya wanyama. Ni chumba kimoja tu cha nyumba kubwa. Wakati wa kiangazi nyumbu na punda milia huja mbugani kwa sababu mna maji ya mito na mabwawa. Mvua zikinyesha huvuka Mbagathi kwenda kusini, ambako majani ni mafupi na yana madini yanayowafaa wanapozaa na kunyonyesha. Maji yakikauka huko, hurudi. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu zamani. Mnyama aliyefungiwa katika chumba kimoja atadhoofika hata kama mlangoni amesimama askari mwenye bunduki.

Na simba je? Simba humfuata nyumbu. Nyumbu wakitawanyika kusini wakati wa mvua, simba huwafuata, na akikosa nyumbu humpata ng'ombe au mbuzi aliyelala katika zizi la miti. Kwa hiyo tunaposema simba "ametoroka" mbugani, mara nyingi tunamsingizia. Hajatoroka. Anapita njia waliyopita mama yake na bibi yake. Waliohamia ni sisi.

Sasa tazameni tulivyohamia. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1948, Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000. Mwaka 1969 walifika 509,000. Mwaka 1989 walikuwa milioni 1.3, na mwaka 2019 wakawa milioni 4.4. Watu hawa wote walihitaji mahali pa kulala. Mji ukajaa, ukamwagika kuelekea kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shamba kubwa la pamoja la wafugaji wa Kitengela liligawanywa, na kila mwanachama akapata hati yake. Mwaka 1990 ikaundwa mamlaka ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na vikajengwa viwanda pale Athi River vilivyovuta maelfu ya wafanyakazi. Wafanyakazi walitaka vyumba vya kupanga, na waliojenga vyumba walitaka ploti. Kitengela, iliyokuwa senta ndogo ya barabarani, katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu zaidi ya 150,000.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyika za Athi na Kaputiei walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Katika miaka hii yetu wanahesabiwa kwa maelfu machache. Hawakumalizwa na majangili. Wamemalizwa na waya wa seng'enge, ukuta wa mawe, machimbo na barabara.

Ndipo nauliza tena: sheria ilikuwa wapi?

Mtu asije akasema hatuna sheria. Tunazo, tena kali. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha sheria ya uhifadhi wa wanyamapori, na mwaka uliofuata, 1977, uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote. Mwaka 1989 likaundwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, na mwezi wa Julai mwaka huohuo Rais Moi akawasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga hii hii ya Nairobi, dunia nzima ikitazama. Mwaka 2016 zikachomwa tani 105 hapo hapo. Katikati ya mioto hiyo miwili ilikuja sheria mpya ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi wa Januari mwaka 2014. Ilipopitishwa, ilisema kwamba anayemuua mnyama aliye hatarini kutoweka atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au atafungwa maisha.

Kwa mkono huo mzito, sheria imefanya kazi na inastahili sifa. Kifaru mweusi, ambaye majangili walikaribia kummaliza kabisa nchini, leo ana maficho salama katika mbuga ya Nairobi, umbali wa kilomita chache kutoka majumba ya ghorofa.

Lakini sheria hiyo imeelekeza macho yake kwa mtu mwenye mshale, bunduki au sumu. Imeusahau mkono wenye kalamu. Jangili akimuua nyumbu mmoja, atashikwa, atafikishwa mahakamani, picha yake itatoka magazetini. Mtu akichukua ekari 100 zilizo katikati ya njia ya nyumbu, akazikata ploti za hamsini kwa mia, akauza zote kwa mwaka mmoja, huyo hajavunja sheria yoyote ya wanyamapori. Ataitwa mwekezaji. Na ploti zile zikizungushiwa kuta, watakaopotea ni nyumbu wengi kuliko wale ambao jangili angewaua maisha yake yote.

Kwa nini iko hivyo? Kwa sababu mnyama huyu ana wakubwa watatu, na wakubwa hao hawakai meza moja. Mnyama mwenyewe ni wa taifa, yuko chini ya serikali kuu, na mlinzi wake ni KWS. Ardhi anayoikanyaga akivuka Mbagathi ni ya mwananchi mwenye hati, na Katiba ya mwaka 2010 inailinda mali ya mwananchi huyo. Na mipango ya matumizi ya ardhi hiyo, yaani wapi pajengwe, wapi palimwe, wapi pasigawanywe, iko mikononi mwa serikali ya kaunti. Mmoja ana mnyama, wa pili ana ardhi, wa tatu ana muhuri. Nyumbu akifika kwenye seng'enge, kila mmoja humwelekeza kwa mwenzake.

Na wala si kwamba njia zenyewe hazijulikani. Mwaka 2017 serikali ilitoa ripoti nene yenye ramani za njia za wanyama nchini, na nyika za Athi na Kaputiei zimo. Kitengela, Isinya na Kipeto zilikuwa na mpango wao wa matumizi ya ardhi hata kabla ya kaunti kuundwa, mpango uliotayarishwa kwa msaada wa wafugaji wenyewe. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inaipa kaunti uwezo wa kukataa ugawaji usiofuata mpango. Na Katiba hiyohiyo inayolinda mali inasema pia kwamba dola inaweza kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya mipango. Ramani iko, sheria iko, uwezo uko. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma karatasi hizo tatu kwa pamoja kabla muhuri haujapigwa.

Majirani zetu wa Tanzania mwaka 2018 walitunga kanuni maalumu juu ya njia hizi, ambazo wao huziita shoroba. Sisemi kwamba wamemaliza matatizo yao. Huko nako watu wanaongezeka na mashamba yanasonga mbele. Lakini angalau wameipa njia jina katika sheria. Kitu chenye jina katika sheria kinaweza kupiganiwa mahakamani.

Sasa nisije nikaonekana kama mtu wa mjini anayemfundisha mfugaji jinsi ya kuishi na simba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyelala nyuma ya geti la chuma hamjui anayelala akisikiliza ng'ombe wake. Niliwahi kuzungumza na mzee mmoja upande wa Kitengela, tumeketi chini ya mgunga, ng'ambo yake zikionekana nguzo za stima na mabati mapya. Nikamwuliza, "Mzee, mbona vijana wanauza mashamba?"

Akanitazama, akatabasamu. "Kijana wangu," akasema, "wewe mnyama akila ploti yako utafanya nini?"

Nikamjibu kwamba mnyama hali ploti.

"Vyema," akasema. "Ng'ombe wangu analiwa. Nikiwa na ng'ombe 40 na simba, mwaka kesho nina ng'ombe 30 na simba. Nikiuza ekari mbili, mtoto anakwenda chuo. Wewe unampenda huyo simba. Basi mlishe."

Tangu siku hiyo maneno hayo yamenikaa. Tunamwambia mfugaji awatunze wanyama kwa faida ya taifa, lakini faida ikipatikana inaingia langoni kwa tikiti za watalii, na hasara inaingia zizini kwake usiku. Mtu wa namna hii akiuza, mimi sina mdomo wa kumlaumu.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi huko Kitengela, kwa fedha za wahisani. Mwenye shamba alilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka. Masharti yalikuwa mepesi: asijenge ua, asiuze wala kugawa, asiwadhuru wanyama. Fedha zililipwa mara tatu kwa mwaka, wakati shule zinapofunguliwa, ili ziwe za karo. Kwa wazo, mpango ule ulikuwa wa busara kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Mfugaji alibaki na ardhi yake, ng'ombe wake na nyumbu wakala majani pamoja, na mtoto akabaki darasani.

Lakini tufanye hesabu. Mwenye ekari 60 alipata shilingi 18,000 kwa mwaka. Ekari moja hutoa ploti 8 za hamsini kwa mia, ukiondoa nafasi ya barabara, na kila ploti huuzwa kwa mamia ya maelfu. Broka mmoja mwenye gari la mkopo na simu mbili anaweza kuuangusha mpango wote kwa kikombe kimoja cha chai. Fauka ya hayo, mpango unaotegemea mfuko wa mhisani hutikisika kila mfuko unapokauka. Huwezi kulinda njia ya kale kwa msaada wa mwaka hadi mwaka.

Tuje kwenye fidia. Sheria ya mwaka 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Kwenye karatasi, huo ni ungwana. Katika maisha, familia nyingi zimesubiri miaka, zikirudi ofisi hiyohiyo na faili ileile. Fidia inayochelewa huzaa kitu kibaya kuliko hasira: huzaa mkuki. Mtu akijua kwamba ng'ombe wake aliyeliwa Jumatatu atalipwa kabla mwezi haujaisha, ataweza kuuweka mkuki chini. Akijua kwamba atalipwa mjukuu wake, nani atamzuia?

Kuna wanaosema dawa ni moja tu: tuufunge upande wa kusini kwa ua, kila mtu ajue kwake. Mwaka 2020, rasimu ya mpango wa miaka 10 wa kuisimamia mbuga ilipotolewa ili wananchi watoe maoni, suala hili la ua lilikuwamo, na mabishano yakawa makali. Siwadharau wanaotaka ua. Mama aliyezika mtoto hawezi kuambiwa habari za majani mafupi yenye madini. Lakini tuseme ukweli juu ya ua ni nini. Tazameni Nakuru. Mbuga ya ziwa Nakuru ilizungushiwa ua wote katika miaka ya 1980, na mji umeikumbatia. Wanyama wako, watalii wako. Ila mnyama wa Nakuru hawezi kuhama. Wakizidi, mwanadamu ndiye atakayewapunguza. Wakipungua, mwanadamu ndiye atakayewaleta kwa lori. Majani yakiisha, hakuna kwingine. Ni shamba kubwa la wanyama, zuri sana, lakini ni shamba.

Ua wa Nairobi ukifungwa leo, nyumbu waliobaki kusini watabaki kusini kati ya kuta, nao hawatadumu. Waliobaki ndani watakuwa wafungwa wa kilomita za mraba 117. Na siku hiyo, mtakumbuka neno langu, watatokea watu wenye suti waseme: "Hii si mbuga tena, ni bustani iliyozeeka. Kwa nini bustani ikalie ardhi yenye thamani kubwa namna hii katikati ya jiji?" Tayari barabara kuu ya kusini imepita ubavuni mwake. Wapinzani wa reli ya kisasa walikwenda kwenye baraza la mazingira mwaka 2016 wakapata amri ya kusimamisha ujenzi ndani ya mbuga, lakini mwaka 2018 mitambo iliingia, na mwaka 2019 treni zikaanza kupita juu ya daraja la kilomita 6. Twiga wanapita chini ya nguzo, hilo nalikubali. Lakini tumejifunza kwamba hata ndani ya mpaka, pale ambapo sheria ni kali kabisa, kalamu hupita.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Nairobi methali hii imekuwa habari ya kweli kabisa. Ufa ni ploti moja moja, na ukuta tunaujadili sasa.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji miujiza.

Kwanza, njia ya wanyama ichorwe katika mpango wa kaunti kama barabara inavyochorwa. Hakuna mtu anayejenga nyumba katikati ya Barabara ya Mombasa, kwa sababu kila ofisi ina ramani inayoionyesha. Njia ya nyumbu nayo iwe na mipaka, upana na namba, na bodi ya ardhi isiidhinishe ugawaji wa shamba lililomo bila barua ya KWS na ya idara ya mipango ya kaunti. Hapo wakubwa watatu watakuwa wamekutana kwa lazima.

Pili, mwenye shamba lililo njiani alipwe, na alipwe na sheria, si na huruma. Sheria zetu tayari zinaruhusu mapatano ya hiari yanayoandikwa juu ya ardhi, ili mwenye hati abaki na hati yake lakini akubali kutojenga ukuta. Kinachotakiwa ni fungu la kudumu. Sehemu ya ada ya langoni iende moja kwa moja kwa wale wanaowalisha wanyama wakati wa mvua. Jiji nalo lina deni. Sisi ndio tunaojivunia picha ya twiga mbele ya majumba marefu.

Tatu, fidia ilipwe kwa wakati, na mazizi yaimarishwe. Hapa tuna mfano wa fahari. Kijana wa Kitengela, Richard Turere, akiwa bado mtoto wa shule, aligundua kwamba simba huogopa taa inayosogea. Akaunganisha betri ya gari, paneli ya jua, kifaa cha kuwashia indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akazizungusha zizi la baba yake zikimetameta usiku kucha kana kwamba mtu anatembea na tochi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuueleza ulimwengu jambo hilo. Ikiwa mtoto mmoja aliweza kufanya hivyo kwa vyuma vya kuokota, serikali yenye bajeti inashindwaje kuweka taa na seng'enge imara katika mazizi yote ya mpakani?

Nne, na hili ni lako wewe unayenisikiliza mjini. Unapotafuta ploti, huuliza kama kuna maji, kama kuna stima, kama hati ni safi. Ongeza swali moja: je, hapa ni njia ya wanyama? Nenda ofisi ya mipango ya kaunti ukaangalie ramani kabla ya kutoa arubuni. Usiulize broka, maana broka hata ukimwuliza kama ploti iko baharini atakwambia maji yatakauka kufikia Desemba. Kuuliza huko si kwa ajili ya nyumbu peke yake. Ni kwa ajili ya mtoto wako atakayetoka alfajiri kwenda shule. Mtu aliyeuziwa nyumba katika njia ya simba ameuziwa hatari pasipo kuambiwa. Wanunuzi wakianza kuuliza, wauzaji watajifunza kujibu.

Wasikilizaji wapenzi, mimi si adui wa maendeleo. Watu watazaliwa, na wanaozaliwa watahitaji nyumba. Mji hauwezi kuambiwa usikue. Lakini mji unaweza kuambiwa ukue wapi, na hiyo ndiyo kazi ya sheria. Sheria inayongoja mpaka damu imwagike, ya mtoto au ya simba, imefika kwenye matanga. Tunataka sheria inayofika wakati wa kupima kiwanja, kabla mawe hayajashushwa.

Nchi yetu ilijua kumkamata mtu wa bunduki. Sasa ijifunze kumsimamisha mtu wa kalamu, kwa heshima, mezani, na kumwonyesha ramani: "Ndugu, hapa panapita wenyewe. Sogea kidogo, nafasi ipo."